Shingo ya Shaba Katika Taa ya Kagoma

Shamsa Omary alikuwa na kipande kimoja tu cha kibao cha shaba, na kila aliyeingia kibandani kwake mwaka ule wa 1975 alikuwa na maoni kuhusu namna ya kukitumia.

Kibanda kilikuwa nyuma ya soko la Bukoba, kati ya fundi viatu na duka la kanga la dada yake, Maulida. Ndani mlikuwa na meza, jiko la mkaa la kupashia chuma cha kulehemu, na redio ambazo wenyewe walikuwa wakizisubiri kwa miezi. Shamsa alikuwa amepita miaka thelathini. Ufundi aliupata kwa baba yake, Mzee Omary Shaban, aliyefanya kazi ya simu wakati wa Mwingereza na ambaye baadaye alitengeneza redio hadi macho yakakataa. Binti alianza kwa kumsomea rangi zilizopakwa kwenye vipuri, maana rangi hizo ndizo zinazoeleza kipimo chake. Baadaye mikono ikawa ya binti na baba akabaki kusikiliza. Aliolewa Biharamulo, ndoa haikudumu, akarudi mezani.

Vipuri vya redio vilikuwa vimeacha kuuzwa madukani. Vichache vilivyoufikia Mkoa wa Ziwa Magharibi, Kagera ya leo, viligawiwa kupitia vyama vya ushirika, na mafundi wa mjini walikuwa ndiyo kwanza wanaunda chama chao. Asiyekuwa mwanachama hangepata transista wala risasi ya kulehemu. Kwa fundi redio, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa afunge mlango.

Kamati ya kupokea wanachama iliongozwa na Josia Rweyemamu, seremala kutoka Kaagya, mtu mrefu, mkavu wa maneno. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwombaji atengeneze kitu cha kufaa kijijini, kikakae huko kitumike, kisha kamati ikakikague kikiwa kazini. Mhunzi mmoja alipeleka mashine ya kumenyea kahawa. Shamsa alisema atapeleka taa.

"Taa ya aina gani?" Josia alimuuliza.

"Ya tyubu. Itawaka kwa betri ya gari. Ni ya chumba cha kujifungulia, zahanati ya Kagoma."

"Tyubu inataka umeme wa mjini, Bi Shamsa."

"Nitautengeneza ndani ya boksi, ndugu mwenyekiti."

"Na isipowaka siku tutakayokuja?"

"Mtarudi Bukoba, na mimi nitafunga kibanda."

Josia alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mwombaji mwingine.

Ombi la taa lilitoka kwa Jovitha, mkunga wa zahanati ile iliyo upande wa Muleba. Alikuwa mteja wa redio wa siku nyingi. Mafuta ya taa hayakuwa ya uhakika, na kwa miezi kadhaa alikuwa akizalisha huku tochi ameing'ata kwa meno. Alimwambia Shamsa kwamba akina mama walikuwa wanafikiri nesi amekuwa bubu.

Mzunguko wa taa yenyewe haukuwa mgumu. Betri ya gari ina volti kumi na mbili, na tyubu haishiki moto bila volti nyingi zaidi ya hizo. Transista mbili hupokezana kuufungua na kuufunga umeme wa betri kwa kasi kubwa, na transfoma, ambayo Shamsa aliisuka kwa mkono, huupandisha. Vitu hivi hukaa juu ya kibao, na badala ya kufungwa kwa nyaya huunganishwa na njia za shaba zilizogandamana na kibao chenyewe. Fundi huchora njia anazozitaka, huzifunika kwa rangi, kisha hukizamisha kibao ndani ya dawa inayokula shaba yote iliyo wazi. Inayobaki ndiyo njia.

Kipande alichokuwa nacho kilitoka kwenye mitambo ya simu iliyotupwa. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu kinene cha sala, na kilikuwa na shaba pande zote mbili. Hapo ndipo maoni yalipoanzia.

Mwenye maoni mengi kuliko wote alikuwa Projestus, fundi umeme wa bandarini. Alisoma chuo cha ufundi Dar es Salaam, alikuwa hodari, na jioni akitoka kazini alipenda kukalia kigoda cha wateja na kukifanya chake.

"Dada Shamsa, kata nusu," alisema. "Chora pande mbili. Juu pitisha njia za betri, chini za transista. Boksi linakuwa dogo, la kisasa, na nusu ya pili unaiweka. Ukiharibu hii, una nyingine."

"Na za juu zitakutana wapi na za chini?"

"Unatoboa tundu, unapitisha waya, unalehemu juu na chini. Ndivyo watu wanavyofanya."

"Matundu mangapi ya namna hiyo?"

Projestus alichora hewani kwa kidole, midomo ikichezacheza. "Kumi hivi. Au zaidi kidogo."

"Nafasi kumi za kulegea. Wewe umewahi kupanda basi la Muleba?"

"Nimezaliwa Muleba mimi."

"Basi unajua."

Projestus alicheka, lakini hakukubali. "Upande mmoja utakula kibao chote. Ukikosea mstari, umekwisha. Halafu njia lazima zipishane mahali fulani. Utaweka daraja la waya, upende usipende."

"Sitaweka daraja hata moja."

"Hayo sasa ni maringo."

"Kayarithi kwa baba hayo!" Maulida alidakia kutoka dukani kwake. "Mwache, Projestus. Ukimbishia ndiyo anazidi."

Projestus hakuwa amekosea. Pande mbili zingempa akiba, na Shamsa alilijua hilo. Hoja yake ilikuwa nyingine: kibao cha upande mmoja, ukikigeuza, unakiona chote. Hakuna njia inayojificha chini ya kitu. Ikikatika, inaonekana imekatika, na anayeijua kazi anaweza kuiunga popote palipo na moto. Kagoma hakukuwa na fundi wala kioo cha kukuzia. Akaamua upande mmoja, kibao kizima.

Upana wa njia aliupima kwa mshumaa. Alikata vipande vyembamba pembezoni mwa kibao, akavikwangua hadi vikabaki na mistari ya shaba ya upana mbalimbali, akadondoshea nta juu ya kila mmoja. Kisha akapitisha umeme wa betri kwa kiasi ambacho taa ingekinywa. Mstari mwembamba kama uzi wa kushonea viatu ulipata moto, nta ikayeyuka ikatiririka. Kwenye mstari wa upana wa njiti ya kiberiti nta ililegea tu. Mpana kama kidole cha mwisho ulibaki baridi, nta imekaa kama ilivyodondoka. Basi njia zote za betri alizichora kwa upana wa kidole. Zile za kuamsha transista, zinazobeba umeme kidogo sana, aliziacha nyembamba. Upande wa kutokea tyubu hakujali upana bali nafasi: volti nyingi huweza kuruka kutoka njia moja hadi nyingine, hasa kwenye unyevu wa ziwa, kwa hiyo aliziachanisha mbali.

Mahali pamoja palimsumbua. Njia ya betri, ili iifikie transista ya pili, ilipaswa kupita kati ya miguu miwili ya transfoma, na upana wa kidole haukuenea. Alichora upya kwenye karatasi za kaki za Maulida mara nyingi, akageuza transfoma huku na huku, na kila mara palibaki mpishano mmoja. Waya mmoja juu ya kibao ungelimaliza jambo hilo. Alichofanya ni kuibana njia hapo, ikawa na shingo ya upana wa njiti ya kiberiti, ikapita katikati ya miguu, ikapanuka tena upande wa pili. Kipimo cha nta kilikuwa upande wake: kwa tyubu moja, shingo ingepata joto bila kuungua.

Rangi ya kufunikia ilikuwa rangi ya kucha kutoka kwa Maulida, nyekundu, iliyopakwa kwa unyoya wa kuku uliochongwa. Dawa ilikuwa unga wa kahawia alioupata kwa wachapaji, waliokuwa wakiutumia kutengenezea vibao vya picha. Kibao kilipotoka na kusafishwa, Shamsa alikitazama kwa kioo cha kukuzia cha baba yake. Kote kulikuwa safi isipokuwa kwenye shingo. Dawa ilikuwa imepenya chini ya rangi na kung'ata kingo zake, ikawa nyembamba kuliko alivyoichora. Kuinenepesha kwa risasi kungewezekana, lakini risasi aliyobaki nayo ilitosha viungo tu. Akalehemu viungo. Taa iliwaka pale mezani tangu asubuhi hadi sokoni wanafunga, na shingo haikubadilika rangi.

Akaipakata ndani ya basi hadi Kagoma.

Alipokewa na Jovitha na mwenyekiti wa kijiji, Ildefons, mzee mnene mchangamfu ambaye wote walimwita kwa heshima Ta Ildefons. Aliletewa kwanza kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyoletewa mgeni yeyote wa heshima, akatafuna mbili tatu huku boksi likiwa bado mapajani. Betri ilikuwa ya trekta la kijiji. Walifunga madirisha ya chumba cha kujifungulia kwa mablanketi, Shamsa akaunga waya mwekundu na mweusi, tyubu ikapepesa mara mbili, ikatulia nyeupe.

"Ee, mawe, mama yangu!" alisema Benigna, bibi aliyekuja kumsindikiza mkwe wake kliniki. "Sasa tutajua pale pale mtoto kafanana na nani. Kuna watu watahama kijiji hiki."

Walicheka hata Ta Ildefons akalazimika kufuta macho. Shamsa aliwaeleza habari ya nyaya, ya betri kutoachwa bila maji, na ya boksi kutofunikwa na nguo. Kuhusu tyubu ya pili hakusema neno, kwa sababu hakufikiri kama ingekuwapo.

Taa ilifanya kazi. Jovitha alizalisha mikono yote miwili ikiwa huru na mdomo ukiwa wazi, na mara mbili alituma salamu Bukoba kwa dereva wa basi kusema hivyo. Kisha ikafika Novemba, na mvua, na senene.

Mhaya wa Kagera haelezwi habari za senene. Hao panzi wa kijani wa msimu wa mvua hufuata mwanga, na Bukoba mjini watu huwaokota chini ya taa za barabarani, huwanyonyoa mbawa na miguu na kuwakaanga. Kagoma hakukuwa na taa ya barabarani. Kulikuwa na taa moja tu nyeupe iliyowahi kuonekana huko, nayo ilikuwa imefungiwa ndani, imezibwa na mablanketi.

Stoo ya zahanati ilikuwa na tyubu kadhaa zilizoletwa kusubiri siku umeme utakapofika. Ta Ildefons na dereva wa trekta walichukua moja, wakaifunga kwenye nguzo uani, wakaunganisha nyaya zake na zile za tyubu ya ndani, wakasimamisha mabati kuizunguka. Zote mbili ziliwaka, kwa sababu Shamsa aliisuka transfoma kwa ukarimu. Senene walimiminika kama mtu amewamwaga kwa ungo. Kijiji kizima kilikuwa pale na vikapu. Jovitha alianza kwa kugomba. Akapelekewa bakuli la waliokaangwa, akala. Jioni zilizofuata hakugomba tena.

Shamsa hakupata habari hizo. Siku ya ukaguzi alipanda gari moja na Josia, mjumbe mwingine wa kamati, na Projestus, aliyeombwa kwenda kama mtu wa umeme. Mvua ilikuwa inanyesha. Ta Ildefons aliwapokea barazani mwa zahanati na kikapu cha kahawa, akaulizia hali ya barabara, akaulizia watoto wa Josia kwa majina, akaulizia tena hali ya barabara.

"Taa ipo?" Josia alimkatiza.

"Ipo, waitu. Ipo."

"Naomba iwashwe."

Ta Ildefons aliitazama mvua. "Imechoka kidogo."

"Taa inachokaje?"

"Vitu vya mjini hivi, ndugu yangu, unavijua mwenyewe. Leo kinawaka, kesho..." Alimalizia kwa mkono.

Mjumbe wa kamati alimgeukia Shamsa. Shamsa alikuwa ameshaingia chumbani na anashusha boksi ukutani.

"Ta Ildefons," alisema Jovitha kutoka mlangoni, "ama useme wewe, ama niseme mimi."

"Sema tu, nesi. Sasa nikuzuie?"

"Waliwasha tyubu mbili," Jovitha alimwambia Josia. "Moja humu, moja uani ya senene. Na mimi nilikula, sijifichi. Wiki iliyopita Kokuberwa alikuwa kitandani hapo, mtoto kichwa kimeshaonekana, nje watu wanaimba, mara giza. Giza tii. Nikamaliza kwa koroboi, na mafuta yenyewe yalikuwa chini kabisa. Mtoto ni mzima, msichana. Lakini kitovu nilikifunga kwa kupapasa, na sijawahi kuifanya kazi hii hivyo."

Ta Ildefons alikuwa anakigeuza kikapu cha kahawa polepole kama anatafuta alipokifuma mfumaji.

Shamsa alikuwa ameligeuza boksi na kufungua kifuniko cha chini. Hakuhitaji kutafuta. Kwenye miguu ya transfoma shingo ilikuwa imebanduka kibaoni, imekunjamana, imekatika, na kibao chini yake kimekuwa cheusi. Transista zote mbili zilikuwa nzima. Angeweza kuishia kwenye tyubu ya pili, na kila mtu angemwelewa. Alikipeleka kibao kwa Josia, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Njia hii yote ni pana, unaiona. Hapa niliibana. Palitakiwa daraja la waya, nikakataa kuliweka."

"Kwa nini ulikataa?"

"Nilitaka kibao kisicho na daraja."

"Kinafanya kazi vizuri zaidi?"

"Hapana. Kinapendeza."

Projestus alikohoa. "Nilisema."

"Ulisema pande mbili."

"Nilisema na daraja."

"Ulisema na daraja," Shamsa alikiri.

"Kwa tyubu moja pasingeungua?" Josia aliuliza.

"Kwa tyubu moja pangevumilia. Kwa muda gani, siwezi kuapa. Dawa ilikuwa imepang'ata, nami nilipaona."

"Nao wangewasha moja tu?"

"Wahaya?" alisema Projestus. "Novemba?"

Josia, ambaye mama yake kule Kaagya alikuwa amemletea kifurushi cha senene Jumapili iliyotangulia, aliinamia kibao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Shamsa aliomba makaa jikoni. Chuma kilipopata moto, alichuna waya mnene uliobaki kwenye stoo ya trekta, akaukata, akaupitisha juu ya miguu ya transfoma na kuulehemu kwenye njia pana upande huu na upande huu. Risasi aliyokuja nayo iliishia hapo. Waya ulisimama juu ya kibao kama mpini wa kikapu, haukuwa mzuri kutazama. Akaunga betri. Tyubu ilipepesa, ikatulia.

Kamati ilikwenda kuzungumza chini ya upenu, sauti zikisikika katikati ya mvua.

"Sharti ni taa iwe inawaka tukifika," alisema yule mjumbe. "Tumefika, haiwaki. Mwenyewe kakiri kosa. Tunajadili nini?"

"Mashine ya kahawa ya yule mhunzi tulifika inazunguka," alisema Josia. "Nasikia sasa kuku wanalalia. Aliyeitengeneza hajarudi kuitazama, na kijijini hakuna anayejua inafunguliwaje."

"Kwa hiyo anayeharibu ndiye tumpokee?"

"Hapa kimeharibika, na fundi kakitengeneza kwa makaa ya jikoni mbele yetu. Kama tukikataa, vipuri tutampa nani? Yule wa kuku?"

Waliporudi, Josia alisimama mbele ya Shamsa, maji yakimtiririka begani.

"Umepokelewa. Ila taa inayofuata iweze kubeba mbili. Na hiyo shingo nisiione tena."

"Hutaiona, ndugu mwenyekiti."

"Sasa ya nje je?" aliuliza Ta Ildefons, uso umeshamrudia.

"Ya nje itawaka siku nisiyo na mzazi ndani," alisema Jovitha. "Na swichi nitaikalia mimi mwenyewe."

Shamsa alipata mgawo wake wa kwanza baada ya mwaka mpya: transista, risasi, na vibao vya shaba ya upande mmoja, vya kutosha kumpa mtu nafasi ya kukosea. Vijiji viwili vya jirani na Kagoma vilikuwa vimeshaomba taa. Kimojawapo hakikuwa na zahanati, na barua yake haikueleza taa ni ya nini. Kamati haikuuliza.

Jioni moja Projestus alikalia kigoda kama kawaida, akavuta karatasi ya kaki iliyokuwa mezani na kuigeuza kuelekea mwanga. Njia ya betri sasa ilikuwa na upana wa vidole viwili tangu mwanzo hadi mwisho, bila kubanwa popote. Juu ya miguu ya transfoma palikuwa na mistari miwili iliyochorwa kwa penseli.

"Madaraja mawili?" alisema. "Wewe?"

Shamsa alikuwa anachonga unyoya. "Moja la tyubu ya wazazi," alisema. "La pili la senene."